Choo cha mtoto kina nyuzi za damu: je, ni maziwa ninayokunywa?

Swali

Shikamoo, daktari. Mimi ni mama wa mtoto wa kike wa wiki 9, tunaishi Makorora, Tanga. Alizaliwa na kilo 3.1 na wiki hii amepimwa kilo 4.9. Kwa wiki mbili sasa choo chake kina ute na nyuzi nyembamba za damu, mashavu yamejaa vipele vikavu, na kila jioni analia sana huku akikunja miguu. Namnyonyesha tu, isipokuwa siku tatu za mwanzo wodini alipopewa maziwa ya kopo kwa sababu yangu yalikuwa hayajashuka. Mume wangu anafuga ng'ombe wawili wa maziwa, na tangu nijifungue nakunywa karibu lita moja kwa siku ili niwe na maziwa ya kutosha. Muuzaji wa duka la dawa amesema ni aleji ya maziwa, niache kunyonyesha nimpe soya. Jirani ananishauri maziwa ya mbuzi. Mama mkwe anasema mtoto amebemendwa, yaani amedhoofishwa na wazazi kukutana kimwili akiwa bado ananyonya. Nifuate lipi?

Jibu

Marahaba, mwanangu, na hongera ya uzazi. Umeuliza mengi kwa pamoja, nami nitaanza na lile ambalo ukilikosea leo itakuwa vigumu kulirudisha kesho: usimwachishe mwanao ziwa. Hata ikithibitika kwamba maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayomsumbua, maziwa yako yatabaki kuwa chakula kinachomfaa kuliko chochote kilichomo madukani, kwa sababu kinachobadilishwa katika hali hiyo ni sahani ya mama. Nasema hivi nikiwa na deni. Nilipokuwa daktari kijana nilimwambia mama mmoja mwenye mtoto wa aina hii aache kunyonyesha, na miezi miwili baadaye alinirudia na mtoto aliyekonda kwa kuhara kulikoletwa na chupa isiyochemshwa, huku maziwa yake mwenyewe yakiwa yamekwisha kukauka. Ile damu ya chooni ilikuwa imekoma, lakini tulikuwa tumebadilisha tatizo dogo kwa kubwa.

Jambo linalofuata ni kwamba damu kwenye choo cha mtoto wa umri huu haitibiwi kwa barua. Chanjo yake ya wiki 10 imebaki siku chache, lakini usiisubiri. Kesho asubuhi mpeleke kituo cha afya ukiwa na kadi yake ya kliniki na nepi yenye choo cha asubuhi hiyohiyo, uliyoihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, pamoja na picha ulizopiga kwa simu kama unazo. Daktari anayeona choo chenyewe hujua mengi ambayo maneno hayawezi kumweleza. Mwombe pia ampime wingi wa damu, kwani damu kidogo kidogo kwa wiki kadhaa inaweza kumpunguzia mtoto damu bila mtu kutambua. La kukutuliza ni uzito: kutoka kilo 3.1 hadi 4.9 katika wiki 9 ni wastani wa karibu gramu 29 kwa siku, na mtoto wa umri wake tunatarajia aongezeke gramu 20 hadi 30. Mtoto anayekua hivyo, anayenyonya kwa hamu na kukojoa vizuri, anatupa nafasi ya kufikiri kwa utulivu.

Lakini zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi. Akitapika matapishi ya rangi ya kijani, tumbo likivimba na kuwa gumu, akilia kwa vipindi vya ghafla kisha kulegea na kupauka, akitoa damu nyingi au choo kinachofanana na jeli nyekundu iliyokolea, akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, akikataa kunyonya, au utosi ukididimia, nenda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, hata kama ni usiku wa manane. Kile kilio cha vipindi chenye kupauka nakitaja kwa makusudi, kwa sababu utumbo unaweza kujiingiza ndani ya utumbo mwenzake, na mtoto wa namna hiyo hana muda wa kupoteza kwa kubadilishiwa mama yake chakula.

Daktari atakayemwona ataondoa kwanza sababu nyingine. Atakuuliza kama chuchu zako zina nyufa, maana mtoto anaweza kumeza damu ya mama yake, ingawa damu iliyomezwa kwa kawaida hutoka ikiwa imegeuka nyeusi. Atatazama njia ya haja kubwa kama ina mchaniko, jambo ambalo huacha damu nyekundu juu ya choo kigumu na ni nadra kwa mtoto anayenyonya tu. Atauliza kama alichomwa sindano ya vitamini K alipozaliwa. Atauliza pia, nawe mjibu kweli bila kuona haya, kama mtoto amewahi kupewa maji, dawa ya mchango, dawa ya gesi au chochote kingine cha kulambishwa, kwa kuwa vijidudu vya kuharisha damu huingia kwa njia hizo, na hapo tiba yake ni tofauti kabisa.

Hayo yote yakiondolewa, ndipo tunarudi kwenye maziwa. Mzio, au aleji kama wengi wanavyosema, ni kinga ya mwili kukosea adui: inaiona protini ya chakula kana kwamba ni kijidudu na kuanza kupigana nayo. Maziwa ya ng'ombe yana makundi mawili ya protini zinazoleta balaa hili, kaseini na wei, yaani zile zinazobaki kwenye maji baada ya maziwa kuganda, na kiasi kidogo mno cha protini hizo hupita kutoka tumboni mwa mama, kwenye damu yake, hadi kwenye maziwa anayonyonya mtoto. Kwa watoto wengi kiasi hicho hakina athari yoyote. Kwa wachache kinatosha kuuwasha ukuta wa utumbo mpana hadi utoe ute na nyuzi za damu.

Hapa naomba tutenganishe mambo mawili ambayo hata baadhi ya watu wa maduka ya dawa huyachanganya. Watu wazima wengi wa kwetu tukinywa maziwa tumbo hunguruma na kujaa gesi, kwa sababu ukubwani tumepungukiwa na kimeng'enya cha kusaga laktosi, yaani sukari ya maziwa. Huo si mzio, wala mwanao hajaurithi kwako akiwa na wiki 9. Maziwa ya mama yenyewe yana laktosi nyingi, nyingi kuliko ya ng'ombe, na watoto wachanga karibu wote huzaliwa na uwezo wa kuisaga. Kwa hiyo kopo lililoandikwa kwamba halina laktosi halimsaidii mtoto mwenye mzio, maana protini imo vilevile.

Mzio wa maziwa huja kwa sura mbili. Sura ya haraka hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka yaliyovimba na kuwasha, midomo na kope kuvimba, kutapika, na kwa wachache kupumua kwa shida au kulegea ghafla. Sura ya polepole huchukua saa kadhaa hadi siku mbili tatu, nayo ndiyo inayoleta ute, damu kidogo, kuhara na wakati mwingine ukurutu wa ngozi. Uliyonieleza yanaelekea kwenye sura ya pili. Kipimo cha damu na kile cha kuchoma ngozi husaidia zaidi kwenye sura ya kwanza. Kwenye ya pili huweza kurudisha jibu la hakuna hata pale tatizo lipo, kwa hiyo usiuze mbuzi ili ukafanye vipimo hivyo Dar es Salaam.

Je, uwezekano kwamba mwanao ana mzio huu ni mkubwa kiasi gani? Katika mji wa Odense, Denmark, watoto 1,749 waliozaliwa mwaka 1985 walifuatiliwa tangu kuzaliwa, na waliothibitika kuwa na mzio wa maziwa ya ng'ombe walikuwa 39, sawa na asilimia 2.2. Walioathirika wakiwa wananyonya tu walikuwa 9, na lililowashangaza watafiti ni kwamba wote 9 walikuwa wamepewa maziwa ya kopo wodini katika siku tatu za mwanzo za maisha yao. Nilipofika kwenye barua yako pale uliposema kwamba na wako alipewa, nilikisoma kifungu hicho mara mbili. Hata hivyo, kuna upande wa pili wa mizani. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2006 uliwachunguza watoto 40 waliokuwa na damu chooni, na waliokuwa kweli na mzio wa maziwa walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Wengi wao damu ilikwisha yenyewe. Kilio cha jioni nacho si ushahidi wenye nguvu, maana kulia kwa watoto wachanga hupanda hadi karibu wiki ya 6 kisha hushuka kuelekea mwezi wa 3 au wa 4, wawe na mzio wasiwe nao. Vipele vya mashavuni, hasa katika joto la Tanga, vina sababu nyingi. Damu ndiyo inayonifanya nikuambie tujaribu.

Jaribio lenyewe ni hili: uondoe maziwa ya ng'ombe na vitu vyake vyote kwenye chakula chako kwa wiki mbili hadi nne, kisha uyarudishe makusudi uone kama dalili zinarudi. Sehemu hiyo ya pili ndiyo ambayo karibu kila mama huiruka, na mimi naiona kuwa ndiyo moyo wa jambo lote. Ukiondoa tu na damu ikakoma, hujajua kama ni maziwa yaliyoondoka au ni siku zilizopita.

Anza na daftari. Kwa siku tatu kabla ya kubadilisha chochote, andika kila nepi yenye choo, rangi yake, kama ina ute, kama ina damu na ni kiasi gani, andika saa alizolia na urefu wa kilio, andika ulichokula. Usitegemee kumbukumbu, kwa sababu mama asiyelala usiku huona siku zote zimefanana. Choo cha kijani au cha njano chenye punje punje ni cha kawaida kwa mtoto anayenyonya, wala idadi isikutishe, awe anajisaidia mara nane kwa siku au mara moja kwa siku kadhaa.

Kisha uingie jikoni. Tanga ni mji wa maziwa kama ulivyokuwa mji wa mkonge, na kumwambia mke wa mfugaji asiguse maziwa kwa mwezi mzima najua ni kumwambia avuke Pangani bila kivuko. Yanayoondoka ni maziwa mabichi na ya kuchemsha, mtindi, malai, siagi, samli, jibini, aiskrimu, chokoleti na maziwa ya unga. Kuchemsha hata mara tatu hakusaidii, kwa maana kaseini inastahimili moto, na kugandisha kuwa mtindi kunasaga sukari zaidi kuliko protini. Samli ya nyumbani huwa na mabaki ya protini, kwa hiyo pilau na chapati za kipindi hiki zipikwe kwa mafuta. Biriani iliyolowekwa mtindi na haluwa ya samli zisubiri. Vya kuvizia ni vile usivyovidhania: mkate wa dukani na biskuti, ambazo nyingi zina maziwa ya unga, baadhi ya siagi za mimea, soseji, na unga wa lishe uliochanganywa tayari. Soma pakiti, na ukikuta limetajwa neno lolote la maziwa, wei au kaseini, rudisha. Pasipo na maandishi, kama maandazi ya jirani, uliza yamekandiwa nini.

Bahati yetu watu wa Pwani ni kwamba vyakula vyetu vilijifunza zamani kuishi bila ng'ombe. Tui la nazi halina uhusiano wowote na maziwa ya mnyama, kwa hiyo wali wa nazi, mbaazi za nazi kwa maandazi yaliyokandwa kwa tui, mkate wa kumimina, mihogo ya nazi na samaki wa kupaka vyote ni halali yako. Chai iwe ya rangi, yenye tangawizi au mchaichai. Nyama ya ng'ombe si maziwa, kula. Na tafadhali usiondoe mayai, samaki, karanga na maharage kwa pamoja eti kwa usalama zaidi. Nimewahi kumpokea mama aliyekuwa amebakiwa na ugali, chumvi na chai ya rangi, kila aliyemtembelea akiwa amemwondolea kitu kimoja mezani, naye kizunguzungu kilimwangusha akiwa na mtoto mgongoni.

Kitakachopungua kwako ni kalisi (kalsiamu), madini ya mifupa. Mama anayenyonyesha anahitaji karibu miligramu 1,000 kwa siku, na kikombe cha robo lita ya maziwa kilikuwa kinakupa kama 300, maana yake lita yako moja ilikuwa inatosha na kubaki. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, iwe dagaa wa ziwani au dagaa mchele wa bahari hii ya kwetu, ni mbadala ulio bora na wa bei nafuu. Ongeza ufuta usiokobolewa, sukuma wiki na figiri. Mchicha ni mzuri kwa mengine, lakini kalisi yake nyingi hushikwa na asidi iliyomo kwenye majani yenyewe, mwili ukaambulia kidogo. Ikiwa utalazimika kuendelea zaidi ya wiki hizi nne, mwombe daktari akuandikie vidonge vya kalisi pamoja na vitamini D.

Una hofu nyingine ambayo hukuiandika wazi, lakini inasomeka: kwamba ukiacha lita yako ya kila siku, maziwa yako yatapungua. Hayatapungua. Maziwa huitwa na mtoto anayenyonya na kulimaliza ziwa, mchana na usiku. Mama anatakiwa ale ashibe na anywe maji kiu ikimjia. Ng'ombe mwenyewe, ukimtazama, hutoa lita zote zile kwa majani na maji. Mumeo apeleke ziada kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, nanyi mnunulie dagaa.

Damu ikiwa inatokana na maziwa, mara nyingi huanza kupungua ndani ya siku chache, lakini ukuta wa utumbo huchukua muda kupona, ndiyo maana tunatoa hadi wiki nne kabla ya kukata shauri. Ikiwa wiki ya nne imeisha na daftari linaonyesha hakuna kilichobadilika, basi si maziwa; rudi kunywa chai yako, na daktari atafute kwingine. Ikiwa dalili zimeondoka kabisa, usifurahi ukasahau. Kwa muda wa wiki moja rudisha maziwa: kikombe nusu siku ya kwanza, kimoja siku ya pili, kisha unywe kama kawaida yako, huku ukiandika kila nepi. Damu au ute ukirudi, acha tena; ukikoma kwa mara ya pili, umepata jibu ambalo hakuna maabara ya kukupa. Damu au ute usiporudi, mwanao hana mzio, na umejiokoa na mwaka mzima wa kujinyima. Kuna sharti moja: ikiwa wakati wowote mtoto amepata mabaka ya kuvimba, uvimbe wa midomo, kupumua kwa mluzi, au kutapika mfululizo hadi kupauka, usirudishe maziwa nyumbani. Jaribio la mtoto wa namna hiyo hufanywa hospitalini penye dawa na watu wa kumhudumia.

Sasa nije kwa washauri wako. Maziwa ya mbuzi yana protini zinazofanana na za ng'ombe kiasi kwamba watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wenye mzio wa ng'ombe huathirika na ya mbuzi pia. Juu ya hayo yana upungufu wa foleti, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, na mtoto wa umri wake hatakiwi kupewa maziwa yoyote ya mnyama kama kinywaji kikuu kabla ya kutimiza mwaka. Soya tunaiepuka kabla ya miezi 6, na watoto kadhaa wenye mzio wa maziwa huikataa soya vilevile. Lililo baya zaidi ni kwamba soya inayouzwa kwa unga kwa ajili ya watu wazima si chakula cha mtoto mchanga hata kidogo, hata kama pakiti yake ina picha ya mtoto anayecheka. Yapo maziwa maalumu ya kopo ambayo protini yake imevunjwavunjwa hadi kinga ya mwili isiitambue, na yapo mengine yaliyotengenezwa kwa asidi amino peke yake kwa ajili ya watoto walio na hali mbaya zaidi. Ni ya gharama kubwa, hayapatikani kila duka, na huandikwa na daktari kwa mtoto asiye na mama wa kumnyonyesha au ambaye chakula cha mama kimebadilishwa kikamilifu na bado anaumia. Wewe hujafika huko. Yapo pia makopo ambayo protini yake imevunjwa nusu tu. Hayo hayatibu mzio, ingawa maandishi yake yanaweza kukudanganya.

Kuhusu kubemendwa, nimelelewa Pwani hii na neno hilo nimelisikia tangu nikiwa mdogo. Ninavyodhani, wazee wetu waliona jambo la kweli: mama akishika mimba nyingine mapema, yule wa kwanza aliachishwa ziwa kabla ya wakati wake akadhoofika, nao wakalitafutia jambo hilo maelezo. Lakini tendo la ndoa haliharibu maziwa wala halileti damu kwenye choo cha mtoto, na mwanao hajadhoofika, kadi yake inaonyesha hivyo. Usibishane na mama mkwe. Mwombe akusindikize kliniki, amwone muuguzi akiuweka uzito kwenye mstari wa ukuaji, na umuulize wazee walipika nini kwa tui siku ambazo ng'ombe alikuwa hakamwi. Nina hakika atakufundisha mapishi ambayo mimi siyajui, na bibi aliyeshirikishwa jikoni hana nafasi ya kwenda kutafuta dawa ya kulambisha.

Ikiwa mzio utathibitika, utaendelea kujizuia hadi mtoto afikishe miezi 9 hadi 12, na angalau miezi 6 tangu ulipoanza, ndipo daktari aanze kumpa mtoto mwenyewe maziwa kidogo kidogo, kwa kawaida yakiwa yameokwa ndani ya biskuti, kwani unga na joto la oveni huipunguzia protini ukali. Akitimiza miezi 6 aanzishiwe uji na vyakula vingine kama watoto wenzake, uji upikwe kwa maji, tui au karanga zilizosagwa laini. Mayai, samaki na karanga asicheleweshewe, maana kuchelewesha hakukingi mzio, na kwa karanga utafiti mkubwa uliotolewa London mwaka 2015 ulionyesha kinyume chake. Kama ukurutu wake utakuwa umezidi ukali wakati huo, mwonyeshe kwanza daktari kabla ya karanga ya kwanza. Chanjo zake zote aendelee kupata kwa tarehe zake. Wale watoto 39 wa Odense, asilimia 56 walikuwa wanavumilia maziwa walipofikisha mwaka mmoja, 77 miaka miwili, na 87 miaka mitatu, na wenye sura ya polepole kama ninayoihisi kwa mwanao ndio hupona mapema zaidi.

Ukihesabu vizuri, ukianza wiki hii wiki zako nne zitaishia mtoto akiwa na wiki 13, na ile wiki ya kurudisha maziwa itakufikisha kwenye chanjo ya wiki 14. Siku hiyo uwe na kadi na daftari, umkabidhi daktari vyote viwili kabla hajakuuliza swali lolote.